Gari lililolala muda mrefu: betri imeisha, mkanda unalia

Umeliacha gari wiki sita, au miezi mitatu, sasa umerudi. Unazungusha ufunguo, na jibu ni "tak" moja kavu. Au linawaka kwa taabu, kisha chini ya boneti unatoka mlio mkali wa kukera meno. Wengi wakifika hapo hununua betri mpya na mkanda mpya siku hiyohiyo. Mara nyingi kimoja kati ya hivyo hakikuwa na ubaya wowote, na mara nyingine vyote viwili vilikuwa vizima.

Ninachoomba ukishike kabla ya kufungua boneti ni kwamba betri na mkanda havisumbui kila kimoja kivyake. Mkanda ndio unaoizungusha alteneta, na alteneta ndiyo inayoijaza betri. Betri ikiwa tupu, alteneta huwa nzito kuzungushwa, kwa hiyo mkanda unateleza na kulia. Mkanda ukilegea, alteneta haizunguki ipasavyo, kwa hiyo betri inabaki tupu. Gari langu lililolala miezi minne lilinifundisha hilo. Lilipiga kelele kila asubuhi kwa dakika mbili tatu, kisha likanyamaza. Nilibadilisha mkanda, kelele ikabaki palepale. Nilipokuja kupima betri nikakuta volti 11.9. Niliichaji usiku kucha, na asubuhi mkanda ukawa kimya. Ule mkanda wa zamani haukuwa na kosa.

Kwa hiyo ukiusikia mlio, pima betri. Ukiikuta betri tupu, kagua mkanda.

Kabla ya kugusa ufunguo

Fungua boneti kwanza, na uwe na tochi. Gari lililolala ni nyumba nzuri ya panya: tafuta majani makavu, vinyesi, nyaya zilizoguguniwa na mkanda uliotafunwa pembeni. Mkanda ulioliwa nusu unaweza kukatika mara tu injini inapowaka, ukajizungusha kwenye puli (magurudumu yanayopitiwa na mkanda) na kung'oa nyaya za karibu. Ukiona dalili hizo, acha ufunguo mfukoni.

Kisha tazama betri. Ubavu uliovimba, ufa, au unyevu wenye harufu ya mayai viza maana yake betri hiyo haichajiwi wala haibustiwi (haiazimwi umeme wa gari jingine), inatolewa. Kama gari limekaa kwenye baridi kali ya kugandisha maji, jua kwamba betri tupu huganda mapema sana kuliko iliyojaa, kwa sababu asidi yake imebaki karibu maji matupu. Betri iliyoganda usiipe umeme hata kidogo. Iache ipate joto taratibu, kisha ikague kama imepasuka.

Sasa pima. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ya bei ndogo inatosha. Iweke kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya, mweusi kwenye hasi, gari likiwa limezimwa kila kitu. Kwa betri ya kawaida ya risasi na asidi iliyopumzika saa kadhaa, soma hivi:

- 12.6 au zaidi: imejaa
- 12.4: imebaki robo tatu hivi
- 12.2: nusu
- 12.0: robo
- chini ya 11.8: imeisha
- 10.5 au karibu na hapo, hata baada ya kuichaji: seli moja imekufa

Mstari wa mwisho unaeleweka ukijua kwamba betri ya gari ni seli sita, kila moja ikiwa na volti 2.1 hivi. Ikipotea moja, zinabaki volti kumi na nusu. Hiyo haiponi kwa chaja yoyote.

Kile kijicho cha kijani kilicho juu ya baadhi ya betri kisikudanganye. Kinaangalia seli moja tu kati ya sita. Nyingine tano zinaweza kuwa taabani huku kijicho kikiwa kijani kibichi.

Dalili: kimya kabisa, hata taa za dashibodi haziwaki

Ama betri imeisha kabisa, ama umeme unakatika karibu na betri yenyewe. Shika klampu ya kila kichwa na uitikise kwa mkono. Ikicheza, umepata tatizo. Ikiwa imekaza lakini imefunikwa na unga mweupe au wa kijani-buluu, umeme unaweza kuwa unakwama hapo, hata kama multimita inasoma 12.5. Ujanja ni kupima mara mbili: mara ya kwanza gusa kichwa chenyewe cha risasi, mara ya pili gusa klampu iliyokikumbatia, huku mwenzako akiwasha taa kubwa. Namba zikipishana, uchafu uko katikati yao.

Kusafisha ni kazi ya robo saa. Vaa miwani na glavu. Toa waya wa hasi kwanza, kisha chanya. Sababu ya mpangilio huo ni kwamba bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana yako ikagusa chuma cha bodi, unapata cheche kubwa juu ya betri inayotoa gesi ya haidrojeni. Koroga magadi ya kuokea kwenye maji, mimina kidogokidogo kwenye ule unga mpaka uache kutoa povu, suuza, kausha, kisha piga brashi ya waya kichwa na ndani ya klampu mpaka chuma king'ae. Kwenye betri yenye vifuniko, angalia magadi yasiingie ndani. Kurudisha ni chanya kwanza, hasi mwisho. Paka grisi au vaselini juu yake ukishakaza, si kabla.

Kabla ya kuchomoa waya, hakikisha una namba ya siri ya redio kama redio yako inaidai, na ufunguo wa kawaida wa mlango mkononi. Watu hufungiwa nje ya magari yao wenyewe.

Dalili: tak-tak-tak-tak ya haraka

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Swichi ya sumaku ya stata (mota inayoizungusha injini ili iwake) inavutwa, volti inaanguka, inaachia, volti inapanda, inavutwa tena. Betri ina umeme kidogo wa kuwasha taa, lakini hauwezi kuzungusha injini. Chaji. Ikiwa ulikwishachaji na bado inafanya hivyo, rudi kwenye klampu.

Dalili: "tak" moja, kisha kimya

Hapa usiharakishe, kwa sababu mambo matatu tofauti yanatoa sauti moja. Washa taa kubwa, mwombe mtu azitazame, piga stata. Taa zikizimika kabisa au kufifia sana, betri ni dhaifu au muungano ni mbovu. Zikibaki kali kama zilivyokuwa, betri haina hatia; umeme haufiki kwenye stata, au stata yenyewe ni mbovu. Na zikififia ilhali multimita ilisoma volti nzuri, kuna uwezekano wa tatu ambao watu husahau: injini inashikwa na kitu. Kompresa ya kiyoyozi au alteneta iliyoganda inaweza kuubana mkanda, na mkanda ukaibana injini. Hapo utasikia harufu ya mpira ulioungua baada ya jaribio la pili. Acha kupiga stata, toa mkanda, jaribu kuizungusha kila puli kwa mkono.

Waya wa hasi unaounganisha injini na bodi ndio ninaoushuku zaidi kwenye magari yaliyolala mahali penye unyevu. Unakaa chini, hauonekani, na kutu huula ndani ya ganda. Weka multimita: waya mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Piga stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya huo. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti kubwa ya stata.

Kama hakuna hata "tak" lakini taa ni kali, angalia gia kama iko P au N, kanyaga klachi mpaka mwisho, na tazama taa ya kufuli kwenye dashibodi. Betri ndogo ya rimoti ya ufunguo nayo hufa gari likiwa limelala.

Dalili: injini inazungushwa vizuri lakini haiwaki

Hili si la betri wala la mkanda unaouona. Ni mafuta ya zamani, pampu ya mafuta, plagi, au panya waliokata waya. Nalitaja ili usinunue betri bure.

Kuchaji, na lini ubusti

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chaji kwa chaja. Kubusti ni kwa anayelazimika kuondoka.

Sababu ni hii. Betri iliyoachwa tupu wiki nyingi hufanya fuwele za salfeti ya risasi juu ya sahani zake. Zikiwa changa huyeyuka kwa kuchajiwa polepole; zikikomaa huwa ngumu na kuziba sahani. Umeme mwingi wa ghafla kutoka kwa alteneta hauzisaidii, na alteneta yenyewe haikuundwa kufufua betri iliyokufa. Imeundwa kurudisha kile kidogo kilicholiwa na stata. Ukiilazimisha kusukuma ampea nyingi kwa muda mrefu, hasa injini ikiwa sailensa (ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta) na hewa ya kupoza ni kidogo, inapata moto na diodi zake, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinaweza kuungua. Umeokoa betri ukapoteza alteneta.

Chaji kwa ampea zisizozidi moja ya kumi ya uwezo wa betri: betri ya Ah 60 (ampea-saa 60), ampea 6 au pungufu. Iliyoisha kabisa itachukua usiku mzima au zaidi. Chaji mahali penye hewa, bila sigara wala cheche. Kama betri ina vifuniko, vifungue utazame: maji yakiwa chini ya sahani, ongeza maji ya betri (distilled water) mpaka sahani zifunikwe tu, chaji, kisha ndipo ujaze hadi kwenye alama. Ukijaza kwanza, yatafurika yakichemka. Usiongeze asidi, asidi haikuondoka, kilichopungua ni maji. Chaja nyingi za kisasa hukataa betri iliyoshuka mno, zinadhani hakuna kitu kilichounganishwa. Hiyo pekee si hukumu ya kifo. Fundi mwenye chaja ya kawaida anaweza kuiinua kidogo, kisha chaja yako ikaikubali.

Ukimaliza kuchaji, usiamini namba ya papo hapo. Iache betri usiku mmoja, kisha pima. Ikibaki 12.6, nzuri. Ikiwa imeshuka hadi 12.2 bila kufungwa popote, haiwezi kushika chaji. Jaribio la mwisho ni la stata: mtu apige stata sekunde chache huku ukisoma multimita. Isiporomoke chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imetulia, kisha 8 ikipigwa stata, imechoka, hata ikiwa na mwaka mmoja. Nyingine nyingi huishi miaka mitatu hadi mitano.

Ukilazimika kubusti: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kisafi cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Usiiweke kwenye betri yenyewe, kwa sababu cheche hutoka kwenye muungano wa mwisho, na gesi ipo juu ya betri. Acha gari zima liungurume dakika tano hadi kumi ndipo upige stata. Kutoa ni kinyume cha kuweka. Ukigeuza chanya na hasi, hata kwa kugusa tu, kuna fyuzi kubwa itakayokatika, na pengine na kompyuta ya gari.

Dalili: limewaka, mkanda unalia

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo.

Alteneta ikiwa inasukuma ampea 60 kwa volti 14, inatoa wati 840. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu inapotea kama joto, mkanda unahitaji kuipelekea karibu nguvu za farasi 2. Na puli ya alteneta kwa kawaida ndiyo ndogo kuliko zote, mkanda unaigusa kwa kipande kifupi tu, nayo inazunguka mara mbili au tatu kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Kama kuna mahali mkanda utateleza, ni hapo. Kwenye gari lililolala, betri inadai umeme mwingi wakati huohuo mkanda umekuwa mgumu na puli zina kutu. Ndiyo maana kelele huja siku ya kwanza.

Sikiliza aina ya sauti na muda wake.

Mlio mrefu na mkali, mara tu baada ya kuwaka, unaopungua kadiri dakika zinavyokwenda: mkanda unateleza kwenye alteneta yenye mzigo. Washa taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma kwa pamoja. Mlio ukirudi, umethibitisha. Chaji betri kwanza. Ukiendelea hata betri ikiwa imejaa, mkanda umelegea au umechakaa.

Mlio unaokuja ukikata usukani hadi mwisho: pampu ya usukani, kwa magari yanayotumia mafuta ya usukani. Ukija kiyoyozi kinapowashwa: kompresa.

Sauti ya ndege, ti-ti-ti-ti inayofuata mwendo wa injini: kutu kwenye mifereji ya puli, au puli haijanyooka na wenzake. Gari likikaa, sehemu ya puli iliyo wazi hupata kutu, na sehemu iliyofunikwa na mkanda hufungia unyevu. Mkanda nao unashika umbo la mahali ulipopinda. Kutu nyepesi hujisafisha yenyewe kwa dakika chache za kuzunguka, na mkunjo wa mpira hulainika ukipata joto. Isiponyamaza siku ya pili, kuna jambo.

Mngurumo au msago usiobadilika kwa taa wala kiyoyozi: beringi. Huo si mkanda kabisa, na mkanda mpya hautaubadilisha.

Kuna jaribio la maji. Chukua chupa ya kupulizia, injini ikiwa inaunguruma, pulizia maji kidogo kwenye upande wa mkanda wenye mifereji. Simama pembeni, mikono ya shati imekunjwa, hakuna mkufu wala kitambaa kinachoning'inia. Sauti ikikatika kisha ikarudi maji yakikauka, puli hazijanyooka. Ikizidi, mkanda unateleza, na shida iko kwenye ukazaji wake. Zile dawa za kupulizia mkanda ili usilie sizishauri. Zinanata, zinakusanya vumbi, na baada ya wiki huwezi kujua tena tatizo lilikuwa nini.

Jaribio lenye uhakika zaidi ni kuutoa mkanda. Piga picha kwanza jinsi unavyopita kwenye kila puli. Bila picha hiyo unaweza kupoteza alasiri nzima. Zungusha kila puli kwa kidole. Inayokwaruza, inayocheza pembeni, au inayozunguka bure muda mrefu kama haina grisi, andika jina lake. Alteneta nyingine zina puli inayozunguka upande mmoja tu kwa uhuru. Hiyo ni kawaida yake. Kisha washa injini bila mkanda kwa nusu dakika, si zaidi, kwa kuwa pampu ya maji inaweza kuwa imesimama. Kelele ikitoweka, chanzo kiko kwenye vitu vilivyozungushwa na mkanda. Ikibaki, kiko ndani ya injini.

Kuhusu mkanda wenyewe: usihukumu kwa nyufa peke yake. Mikanda ya zamani ilipasuka ikichoka, nasi tulizoea kutafuta nyufa. Mingi ya sasa imetengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao haupasuki upesi. Unaliwa kidogokidogo kama tairi, mifereji inakuwa mipana, mkanda unazama ndani ya puli na kuteleza, huku ukionekana mzuri. Pitisha kucha kwenye mifereji na ulinganishe na mkanda mpya. Upande wa mifereji uking'aa kama kioo, umeteleza sana tayari. Ukiwa na mafuta au maji ya rejeta juu yake, tafuta kwanza yanakovuja, la sivyo mkanda mpya utalowa vilevile.

Ukazaji: kwenye magari ya zamani yenye mkanda wa umbo la V, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya nafasi ndefu, uzame kama sentimita 1. Usiukaze kama uzi wa gitaa, utaua beringi ya alteneta na ya pampu ya maji. Kwenye magari yenye kikazio cha springi, kidole hakisemi kitu. Tazama alama zilizo kwenye kikazio, na ukitazame injini ikiunguruma: kikirukaruka sana, springi imechoka, kisipotikisika hata kidogo, pengine kimeganda kwa kutu. Kikazio kilichoganda ni ugonjwa halisi wa magari yaliyolala, nacho huachwa palepale huku mikanda ikibadilishwa juu yake.

Dalili: taa ya betri haizimiki

Kwanza kabisa, mkanda upo? Kama umekatika na ndio unaozungusha pampu ya maji, zima injini sasa hivi, kabla haijachemka.

Kama upo, pima volti kwenye betri injini ikiunguruma. Kati ya 13.8 na 14.7, alteneta inachaji. Ukiona 12 na kidogo, nayo inazidi kushuka, haichaji. Kabla ya kuibadilisha, angalia fyuzi kubwa iliyo kwenye waya wa alteneta, na soketi yake kama panya wameifikia. Brashi za kaboni za alteneta iliyokaa huweza kukwama, au pete zinazoguswa nazo zikapata kutu. Baadhi huzinduka injini ikipandishwa kidogo. Pia tazama kama taa hiyo ya betri inawaka ufunguo ukiwa umefunguliwa kabla ya kuwasha. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha alteneta hupitia taa hiyohiyo, kwa hiyo taa ikiungua, alteneta haiamki hata kama yenyewe haina tatizo lolote.

Ikivuka 15 kwenye gari la kawaida, alteneta inachaji kupita kiasi na itaichemsha betri.

Dalili: betri nzuri, alteneta nzuri, lakini siku chache baadaye imeisha tena

Kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limezimwa. Saa, alamu na kompyuta hunywa kidogo siku zote. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Piga hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni Ah 1.2 kwa siku. Betri ya Ah 60 inafika nusu kwa siku 25, hata kabla ya kuhesabu chaji inayopotea yenyewe, ambayo huongezeka kwenye joto. Kwa hiyo gari lililokufa baada ya miezi miwili huenda halina hitilafu yoyote. Gari linalokufa kwa siku nne linayo.

Kuitafuta: toa waya wa hasi, weka multimita ikiwa kwenye ampea 10 kati ya waya huo na kichwa cha betri. Funga milango, au sukuma kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Subiri hadi saa nzima, maana kompyuta za gari huchelewa kulala, na ukisoma mapema utashtuka bure. Usifungue mlango wala kupiga stata multimita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika. Namba ikibaki juu ya miliampea 50, chomoa fyuzi za gari moja baada ya nyingine mpaka ishuke ghafla. Watuhumiwa wangu wa kwanza ni taa ya buti, redio iliyofungwa baadaye, kifaa cha kufuatilia gari, na alteneta yenye diodi mbovu. Hiyo ya mwisho haipiti kwenye fyuzi ndogo, na puli yake inaweza kuwa inazunguka vizuri kabisa.

Mkanda usioonekana

Injini nyingi zina mkanda mwingine, wa taimingi (unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni), nyuma ya kifuniko. Haulii kabla ya kukatika. Una kikomo cha kilomita na pia cha miaka, na miaka inahesabiwa hata gari likiwa limelala. Kama gari limekaa miaka, hujui ulibadilishwa lini, na injini yako ni ya aina ambayo vali na pistoni hugongana mkanda ukikatika, ubadilishe kabla ya kupiga stata.

Ukijua litalala tena

Kuliwasha dakika tano kila wiki hakusaidii. Stata inachukua, alteneta ikiwa sailensa inarudisha kidogo, na unyevu unabaki ndani ya mafuta ya injini. Bora uliendeshe nusu saa au zaidi, likapata joto kamili, au usiliwashe kabisa.

Kwa wiki tatu nne, betri yenye afya itavumilia. Zaidi ya hapo, ijaze, kisha fungua waya wa hasi, au iache kwenye chaja ndogo ya kutunza betri inayojizima yenyewe. Usilifunge boneti ukiwa umemwaga maji ya kuosha injini. Kausha eneo la puli kwanza. Ziba njia za panya bila kuziba hewa ya injini kwa kitu utakachokisahau. Andika tarehe na volti ulizoacha kwenye kipande cha karatasi, ukibandike karibu na betri, ili siku ya kurudi ujue imeshuka kiasi gani na kwa muda gani.